Manati ya Kwanza ya Mtoto

Mtama unapotoa masuke katika mashamba ya Usenge, ndege hawakawii kufika. Punje zikiwa bado laini, zenye maji meupe kama maziwa, ndipo huzipenda zaidi. Mzazi hutafuta mlinzi, na mlinzi aliye karibu ni mtoto. Mtoto naye huomba silaha.

Bunduki, hata iliyo ndogo, isifikiriwe. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila kibali. Silaha ya kwanza ya mtoto wa mkulima ni manati. Lakini manati nayo yaweza kutoboa jicho. Kwa hiyo, Bwana na Bibi Mkulima, ichagueni ninyi wenyewe.

Kwanza mtazame mtoto. Akiambiwa "acha" naye haachi, bado hajafika. Mpe debe na fimbo apige kelele. Hizo pia hufukuza ndege.

Pili, utazame mti. Uwe mgumu, mkavu, usio na ufa, na vidole vya mtoto viweze kuuzunguka mpini.

Tatu, utazame mpira. Wa tyubu ya baiskeli watosha. Kata vipande viwili vya urefu na upana sawa. Mpira wa tyubu ya gari ni mzito. Mtoto hawezi kuuvuta sawasawa, na anachotupa huenda kando. Jua huchakaza mpira. Uvute mwenyewe kila Jumamosi, nao ukiwa na nyufa uutupe, maana ukikatika humrudia mvutaji usoni.

Nne, vya kutupa. Asitumie mawe wala vipande vya chuma. Afinyange vidonge vya udongo na kuvianika. Vikianguka huvunjika, wala havibaki shambani kugonga jembe. Hata hivyo, kidonge kikavu chaweza kupofusha.

Kisha mfundishe amri tatu: asielekeze manati kwa mtu wala mnyama, hata kwa mzaha, asitupe kuelekea njia, nyumba au shamba la jirani, na wenzake wasimame nyuma yake. Kazi yake ni kufukuza ndege, si kuua. Atupe juu ya kundi nalo litaruka.

Ndege hula sana asubuhi na jioni. Zamu ya asubuhi ishike wewe, mtoto aende shule. Yeye ashike ya jioni.

Lakini manati haiwezi kila vita. Kwelea mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege 1,000,000 laweza kumaliza tani 10. Mwezi wa Januari 2023 kwelea waliharibu mpunga mwingi katika kaunti ya Kisumu. Ukiona kundi kubwa, usingoje. Mpashe habari afisa wa kilimo siku ile ile.

Na mtoto akipigwa jichoni, usilisugue, usilikamue, wala usitie dawa ya majani. Lifunike kwa kitu kisafi kisichokandamiza, umpeleke hospitali upesi.

Mtama ulioliwa mwaka huu utapandwa tena mvua ikinyesha. Jicho halipandwi.