"Kare" ya madini si "kare" ya parseli

Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, neno "kare", lililotoka katika Kifaransa, halikosekani kinywani mwa watu. Mwanafunzi analitumia kwa umbo lenye pande nne zilizo sawa. Fundi anayetandika karo anahesabu kazi yake kwa meta kare. Aliyenunua parseli ya mita 20 kwa 30 anajua kwamba amepata meta kare 600, hata kama parseli yenyewe si kare hata kidogo.

Neno hilohilo likiingia kwenye karatasi za madini, linabeba uzito mwingine kabisa. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaita kare eneo dogo kupita yote linaloweza kutolewa kwa kibali: hekta 84.955, yaani karibu 85. Kila upande una karibu mita 920. Ndani ya kare moja zingeingia parseli zaidi ya 1.400 za 20 kwa 30.

Hapo ndipo shida inaanzia. Mkulima akiambiwa kwamba kampuni imepata "kare nne tu" karibu na kijiji, anaweza kuwaza pembe ya shamba. Kumbe ni karibu hekta 340, zinazoweza kufunika mashamba, makaburi na mto. Hilo "tu" linadanganya kuliko namba yenyewe.

Tena kare hizo hazionekani kwa macho. Kadasta ya Madini (CAMI) inazichora kwenye ramani kwa mistari ya latitudo na longitudo, bila kujali mpaka wa kijiji unapita wapi. Malipo ya kila mwaka ya mwenye kibali kwa serikali yanahesabiwa pia kwa kare.

Hata hivyo, kupata kare si kununua shamba. Sheria inatenganisha haki ya madini na haki ya ardhi, na inamlazimisha mwenye kibali kumlipa fidia mkaaji anayezuiwa kutumia ardhi yake. Ndiyo maana katika mkutano wa kijiji, kuuliza "kare ngapi?" hakutoshi. Ni lazima kuuliza ni hekta ngapi, mstari unapita wapi, na namba ya kibali ni ipi. Kwa namba hiyo, eneo linaweza kutafutwa kwenye ramani ya CAMI, hata kwa intaneti.