Je, Mtu Mzima Aweza Kujifunza Lugha Mpya? Somo Kutoka Guatemala

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii twaitumia mara nyingi tunapozungumzia malezi na elimu, na wengi wetu huichukua kana kwamba ni sheria ya maumbile: aliyekwisha kukauka hakunjiki tena. Hata hivyo, kila mwaka wako wanaume na wanawake waliokwisha kustaafu kazi, wenye umri wa miaka 60, 65, hata 70, ambao hufunga safari kwenda mji mdogo wa Antigua, nchini Guatemala katika Amerika ya Kati, kwa nia moja tu: kujifunza Kihispania. Wengi wao hutoka Marekani, Kanada na nchi za Ulaya. Je, watu hao hupoteza fedha na nguvu zao bure? Au ni methali yetu inayohitaji kufasiriwa upya? Swali hili si la wasafiri peke yao. Lamhusu kila mzee anayeona haya kuingia darasani, na kila mwalimu anayemwona mzee huyo mlangoni.

Mji na shule zake

Antigua iko katika bonde lenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na milima mitatu ya volkano. Ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wahispania katika sehemu hiyo hadi ilipobomolewa na matetemeko ya ardhi ya mwaka 1773. Leo mji huo unajulikana, pamoja na mengine, kwa wingi wa shule zake za Kihispania.

Utaratibu wa shule hizo ni rahisi. Mwanafunzi mmoja hukaa na mwalimu mmoja kwenye meza ndogo, mara nyingi uani penye kivuli, kwa muda wa saa nne au tano kwa siku. Masomo yakiisha, hurudi katika nyumba ya familia ya mjini ambayo amepanga kwake. Hapo hula chakula pamoja na wenyeji, husikiliza mazungumzo yao, na hulazimika kuomba chumvi kwa Kihispania au kula bila chumvi. Hivyo basi, somo halimaliziki kengele inapolia.

Umri huchukua nini?

Tuanze na hasara, kwa sababu zipo kweli. Mwaka 1967, mtaalamu Eric Lenneberg alitoa kitabu alimodai kwamba kuna kipindi maalumu cha kujifunza lugha, ambacho hufikia kikomo mtoto anapobalehe. Mwaka 1989, Jacqueline Johnson na Elissa Newport waliwapima watu 46 waliozaliwa wakisema Kichina au Kikorea, kisha wakahamia Marekani wakiwa na umri mbalimbali. Waliofika wakiwa wadogo walikijua Kiingereza karibu sawa na wenyeji. Waliofika wakiwa watu wazima walikuwa nyuma. Lakini watu wazima hao walitofautiana sana wao kwa wao: wako waliofanya vizuri na wako waliofanya vibaya, na umri peke yake haukutosha kueleza tofauti hizo. Uchunguzi mkubwa zaidi, uliotangazwa mwaka 2018 na kuhusisha zaidi ya watu 600,000, ulionyesha kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hubaki juu hadi karibu umri wa miaka 17, ndipo huanza kushuka.

Zaidi ya hayo, mtu anavyozidi kuzeeka ubongo hupunguza kasi ya kupokea na kupanga mambo mapya. Neno alijualo hukwama ulimini. Masikio nayo hupungua nguvu, na yanayopotea kwanza ni sauti nyembamba za juu. Konsonanti "s" ni mojawapo ya sauti hizo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Katika Kihispania sauti hiyo ndiyo alama ya wingi: "libro" ni kitabu, na "libros" ni vitabu. Mzee asiyeisikia vizuri aweza kudhaniwa hajui sarufi, kumbe tatizo li sikioni. Meza ndogo iliyo mahali pa utulivu, na mwalimu anayemkabili uso kwa uso, humpa nafasi ya kutazama midomo na kuomba neno lirudiwe. Darasa lenye watu 40 haliwezi kumpa nafasi hiyo.

Umri huacha nini?

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1978, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi na kujifunza Kiholanzi kwa kuishi na watu. Katika miezi ya kwanza, waliokwenda mbio kuliko wote hawakuwa watoto wadogo, bali vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuwa wa mwisho. Mtoto humpita mtu mzima hatimaye, lakini humpita baada ya muda mrefu. Mwanzoni mtu mzima ana silaha zake.

Silaha hizo ni zipi? Mwaka 1963, Raymond Cattell alitofautisha akili za namna mbili: ile ya kukabili jambo jipya kabisa kwa haraka, na ile iliyojengwa na elimu pamoja na maisha. Ya kwanza huanza kushuka mapema katika utu uzima. Ya pili huendelea kukua kwa miaka mingi. Msamiati wa mtu katika lugha yake, kwa mfano, waweza kuongezeka hata baada ya miaka 60. Mzee hajifunzi upya deni ni nini, au mazishi, au posa, au mvua iliyochelewa. Dhana zote anazo. Anachotafuta ni majina yake mapya. Tena anajua namna yeye mwenyewe anavyojifunza, jambo ambalo kijana bado analitafuta.

Lugha na adabu zake

Hapa ndipo maisha ya nyumbani yanapokuwa na thamani kubwa. Nchini Guatemala kuna njia zaidi ya moja ya kusema "wewe". Marafiki wa karibu huambiana "vos". Mgeni au mtu wa kuheshimiwa huambiwa "usted". Mtu mwenye umri mkubwa huitwa "don" akiwa mwanamume, au "doña" akiwa mwanamke, likifuatiwa na jina lake. Anayeinuka mezani hushukuru, na walio mezani humjibu "buen provecho", yaani kumtakia chakula kimfae. Na mtu akianza jibu lake kwa maneno "fíjese que", yaani "hebu angalia kwamba", mwenyeji hutambua mara moja kuwa habari inayofuata si njema: hati haijawa tayari, au basi limekwisha kuondoka.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Kwetu pia mtu aliyefiwa huulizwa habari akajibu "nzuri", kisha akaongeza "ila". Na kamusi yaweza kutoa maana ya "shikamoo" kwa mstari mmoja, lakini nani amwamkie nani, lini na kwa sauti gani, hujulikana kwa kuishi na watu. Katika mambo kama haya mzee hayuko nyuma. Amekwisha kuishi muda mrefu akizipima heshima, naye hutambua upesi mahali zilipo.

Tena mgeni huyo hugundua jambo jingine: wenyeji wengi wa Guatemala nao walijifunza Kihispania kama lugha ya pili. Nchi hiyo ina lugha 22 za jamii ya Maya, na vijijini kando ya Antigua iko lugha ya Kikaqchikel. Taasisi moja ya mji huo, Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín, hufundisha wageni Kihispania na pia hushughulikia uchunguzi wa lugha za Maya. Katika miaka ya 1970 iliwafunza isimu wasemaji wenyewe wa lugha hizo.

"Hata" na "hasta"

Kihispania kina wasemaji wa kuzaliwa wanaokaribia milioni 500. Kwa mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki kina milango iliyo wazi. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, kama zetu. Sifa hupatana na nomino: "libro nuevo" ni kitabu kipya, na "libros nuevos" ni vitabu vipya. Aliyezoea ngeli haoni ajabu.

Uko pia undugu wa maneno. Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha maneno mengi huko, kama kilivyoacha katika pwani yetu. "Hasta" ni "hata" yetu ya zamani, yenye maana ya "mpaka". "Fulano" ni fulani. "Azúcar" ni sukari. "Alcalde", yaani mkuu wa mji, latoka katika neno moja na kadhi. "Ojalá", wasemalo wakitumaini jambo, limetokana na maneno yanayomtaja Mungu, yaliyo karibu na inshallah yetu. Kumbukumbu hushika upesi jambo jipya linapopata ndugu miongoni mwa yale ya zamani, na mwenye mengi ya zamani ana mahali pengi pa kulishikiza.

Jaribio kwa darasa

Mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Darasa laweza kulipima jambo hili. Chagueni maneno 20 ya Kihispania, mgawanyike makundi mawili. Kundi la kwanza lijifunze dakika 10 kila siku kwa siku tatu. Kundi la pili lijifunze dakika 30 mfululizo katika siku ile ya tatu. Baada ya juma moja, pimeni makundi yote mawili. Ikiwezekana, waalikeni wazazi au babu na bibi wachache katika kila kundi, mlinganishe. Angalieni mambo mawili: nani alikumbuka mengi zaidi, na je, tofauti iliyotokana na umri ilizidi ile iliyotokana na njia ya kujifunza?

Mzee aendaye Antigua yamkini hatapata lafudhi ya mwenyeji, na atakayemwahidi hivyo atamdanganya. Lakini lafudhi si kipimo pekee. Kipimo kingine ni hiki: je, aweza kuketi mezani kwa watu, akaelewa wanachosema, akajibu kwa adabu, na akaeleweka? Hilo umri haumzuii. Samaki mkavu akikunjwa kwa nguvu huvunjika, ni kweli. Lakini kila mpishi ajua kwamba akilowekwa majini, akapewa muda wake, hulainika. Basi mzee akija kwenye mlango wa darasa lako, Ndugu Mwalimu, usimwonyeshe methali. Mwonyeshe kiti, umpe na muda.