Mvua Inapopiga Bati

Mabatini, hapa Mwanza, jina lenyewe linataja mabati. Mvua ya masika ikishuka kutoka upande wa Ziwa Victoria juu ya darasa lisilo na dari, sauti ya mwalimu huzama. Mtazame mwalimu hodari wakati huo: anawageukia watoto, anaandika neno kuu ubaoni, anaonyesha kwa mikono, anapita dawati kwa dawati akiangalia madaftari. Mvua ikikatika, anarudi kuongea huku amelipa darasa mgongo. Kwa mtoto mwenye usikivu hafifu aliyekaa nyuma, mvua haijakatika.

Mbinu alizozitumia mwalimu huyo kwa nusu saa ni sehemu ya mafunzo ya elimu jumuishi. Naamini kila mwalimu wa shule zetu za mitaani anastahili kuyapata, hata asiyefundisha kitengo cha elimu maalumu.

Elimu maalumu na elimu jumuishi ni ndugu, lakini si pacha. Elimu maalumu ilianza nchini katika shule za peke yake. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Hapa mkoani Mwanza, Shule ya Msingi Mitindo iliyopo Misungwi imewapokea watoto wasioona, na wenye ualbino waliohitaji usalama. Walimu wengi wa shule kama hizo, na wa vitengo vya elimu maalumu vilivyomo katika shule za kawaida, husomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, safari ya siku nzima kwa basi kutoka hapa. Huko hubobea katika fani kama uoni, uziwi au ulemavu wa akili.

Elimu jumuishi inasema mtoto asome na wenzake wa mtaani, na shule ndiyo ijirekebishe. Mkutano wa Salamanca, Hispania, ulilitangaza wazo hilo mwaka 1994. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa mwalimu, maana yake ni hii: Jumatatu mtoto yeyote anaweza kuingia darasani kwako, nawe uwe tayari.

Utayari huo una mambo matatu. La kwanza ni kubaini. Mtoto anayejibu swali ambalo hukuuliza, anayetega sikio moja, au ambaye sikio lake hutoa usaha, huenda hasikii vizuri. Anayesogeza daftari hadi puani huenda haoni vizuri. Wengi wao huitwa wazito au watukutu, na wengine huchapwa. Mwalimu si daktari. Kazi yake ni kuandika anachokiona, kuzungumza na mzazi na kumshauri ampeleke mtoto akapimwe.

La pili ni kurekebisha ufundishaji. Mwanafunzi mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Akae mbele, lakini asielekee dirisha. Andika kwa herufi kubwa, soma kwa sauti unachoandika, mruhusu asogelee ubao, mwongezee muda wa mtihani. Kwa mwenye ulemavu wa akili, vunja kazi iwe hatua ndogo. Mtoto aliyekulia karibu na Ziwa anayafahamu mafungu ya dagaa. Aanze kuhesabu mafungu hayo kwa mkono kabla ya kuandika tarakimu.

La tatu ni kujua mipaka yako. Mtoto kiziwi hatapata lugha kwa kuhamishiwa dawati la mbele. Anahitaji lugha ya alama kutoka kwa mtu anayeimudu, na viziwi wenzake wa kuongea nao. Asiyeona anahitaji mtu wa kumfundisha nukta nundu. Hapo mwalimu wa fani hana mbadala, na kumwita ni sehemu ya ualimu mzuri.

Mambo haya hayaingii kichwani kwa semina ya siku mbili. Mwalimu hujifunza kwa kuona, kujaribu na kusahihishwa. Utaratibu upo tayari: Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza. Tuutumie. Mwalimu wa kitengo aingie kwenye kipindi cha mwenzake, akae nyuma, aangalie watoto. Baadaye wakae pamoja, wachague badiliko moja tu la kujaribu, na wiki inayofuata mwalimu wa kitengo arudi kuangalia. Mwalimu mkuu ayatengee mazungumzo hayo nafasi kwenye ratiba, maana bila muda yatabaki nia njema. Serikali nayo ipunguze msongamano, kwani mwalimu asiyeweza kupita katikati ya madawati hawezi kumfikia mtoto wa mwisho.

Mzazi wa mitaa hii iliyopanda milima ya mawe, usimfiche mwanao. Mlete shuleni, umweleze mwalimu anachoweza na kinachomshinda. Wewe ndiwe unayemjua.

Nawe mwalimu, mvua ijayo ikianza kupiga bati, jiangalie unavyofundisha. Ikikatika, endelea vivyo hivyo.