Uchovu wa Mwenye Kisukari si Uvivu

Ni nadra siku hizi kuikuta jamaa kubwa isiyokuwa na mtu mwenye maradhi ya kisukari. Ama ni baba wa nyumba, ama ni bibi, ama ni ami au shangazi. Na katika malalamiko ya wagonjwa hawa, hapana lisikiwalo mara nyingi kama hili la uchovu. Huyu asema ameamka amechoka kana kwamba hakulala. Yule asema ngazi alizokuwa akizipanda bila ya kuhema sasa zamshinda. Mwingine asema akisha kula chakula cha mchana kope zake huwa nzito, na kazi ya alasiri haifanyiki.

Na watu wa nyumbani husemaje? Vijana husema ni uvivu. Wazee husema ni umri. Na jirani hakosi kunong'ona kuwa ni jicho la mtu au ni jini, basi mgonjwa apelekwe kwa fulani akapungwe. Hukumu tatu zimekwisha kutolewa, na wala hapana hata tone moja la damu lililopimwa! Sisi tusomeshao watoto chuoni twajua kwamba kadhi hahukumu mpaka asikilize mashahidi. Na mwili nao una mashahidi wake. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu mashahidi hao ni nani, ili mgonjwa asidhulumiwe, na maradhi yasipate nafasi ya kumla ndani kwa ndani.

Kwanza yafaa tujue sukari yafanya kazi gani mwilini. Wali, muhogo, mkate na ndizi tulavyo, tumbo huvisaga vikawa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu ili ipelekwe kwenye nyama ya mwili iwe nguvu. Lakini haiingii ndani ya nyama ila kwa ufunguo, na ufunguo huo ni insulini, itokayo katika kongosho. Mwenye kisukari, ama kongosho lake halitoi insulini, ama laitoa lakini mwili hauitii sawasawa. Amekuwa kama mtu aliye na ghala lililojaa mpunga, naye ana njaa, kwa kuwa ufunguo umepotea. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuivumbua insulini huko Toronto, Kanada, katika mwaka 1921, watoto waliopatwa na kisukari walidhoofika hata wakafa. Leo, kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu, ufunguo huo wapatikana hospitalini.

Sasa tuwaite mashahidi, mmoja baada ya mmoja.

Shahidi wa kwanza ni sukari iliyopanda. Sukari ipitapo kiasi cha milimoli 10 kwa lita moja ya damu, figo huanza kuimwaga katika mkojo, na sukari haitoki peke yake bali hutoka na maji. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana, akashikwa na kiu, na akaamka usiku mara tatu au nne. Hapo amepata machovu mawili: nguvu imebaki katika damu bila ya kutumika, na usingizi wake umekatwakatwa. Mtu huyu kumwambia "jikaze" ni kumwonea.

Shahidi wa pili ni sukari iliyoshuka, na huyu ana haraka kuliko wa kwanza. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwa hesabu ya milimoli, au 70 kwa mashine zihesabuzo miligramu, mgonjwa hulegea, hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, na pengine husema maneno yasiyoeleweka. Hutokea kwa watumiao insulini, na kwa wamezao vidonge vya namna ya glibenklamidi, hasa wakichelewa kula au wakifanya kazi nzito. Dawa yake imo jikoni: vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15, na akipata nafuu ale chakula. Lakini akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote kinywani kisije kikampalia, akimbizwe hospitali.

Hapa yatupasa kuikumbuka Ramadhani. Mgonjwa na amwone tabibu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dawa zake zipangwe upya, au aambiwe kuwa kufunga kwamdhuru. Kutoboa kidole ili kupima sukari, wanavyuoni wengi wa zama zetu wamesema hakufunguzi. Na sukari ikishuka namna tuliyoeleza, afungue pale pale, hata ikiwa magharibi yakaribia. Sharia imempa mgonjwa ruhusa. Mwenye kumtia haya kwa kuitumia ruhusa hiyo hakumsaidia katika dini wala katika afya.

Shahidi wa tatu ni damu yenyewe ikipungua. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kidonge cha metformini, ambacho ni dawa njema na kimewafaa watu wengi mno, kikitumiwa kwa miaka mingi chaweza kuupunguzia mwili vitamini B12. Vitamini hiyo ikipungua, damu hupungua, miguu hufa ganzi, na mtu huchoka. Twaipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Haina maana kwamba mtu akitupe kidonge chake. Maana yake ni kwamba amwombe daktari ampime, kwa kuwa upungufu huu una tiba nyepesi ya vidonge au sindano.

Shahidi wa nne ni figo, na wa tano ni moyo. Kisukari kisichotunzwa huziharibu figo polepole, bila ya maumivu, na figo zikidhoofika damu nayo hupungua, kwa sababu ndizo ziuhimizao mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ama moyo, hatari yake ni kwamba mwenye kisukari aweza kupatwa na shida ya moyo asisikie maumivu ya kifua wanayoyasikia wengine. Alama yake yaweza kuwa ni uchovu wa ghafula, kuhema, au miguu kuvimba. Mtu wa namna hii asiambiwe apumzike tu nyumbani. Aende akaangaliwe siku hiyo hiyo.

Shahidi wa sita ni maradhi mengine yaliyojificha chini ya kisukari. Kifua kikuu huwapata wenye kisukari zaidi kuliko watu wengine. Basi uchovu ukifuatana na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda, makohozi yapimwe. Kadhalika kidonda kidogo mguuni, au maradhi ya njia ya mkojo, huweza kuipandisha sukari na kumlegeza mtu.

Shahidi wa saba ni usingizi. Mtu mnene akoromaye sana, kisha pumzi zake zikakatika na kurudi kwa kishindo, huamka amechoka ijapokuwa amelala saa nane. Mkewe ndiye ajuaye, basi na aliseme jambo hili mbele ya daktari bila ya kuona haya. Na pamoja na usingizi tuitaje tezi iliyo mbele ya koo, ambayo ikipunguza kazi yake, mtu huchoka, husikia baridi na hunenepa.

Wa mwisho ni moyo kwa maana ya nafsi. Kila siku kujitoboa, kuhesabu vidonge, kuukataa mkono wa mwenye kukukaribisha halua, hayo huchosha. Wenye kisukari hupatwa na huzuni nzito zaidi kuliko wasio nacho. Mtu akiwa hana raha hata na yale aliyokuwa akiyapenda, hiyo nayo ni hali ya kutibiwa, wala si udhaifu wa imani.

Basi nini la kufanya? La kwanza, nunueni daftari. Kwa siku saba andikeni saa ya kula, saa ya dawa, sukari iliyopimwa, na saa ya uchovu. Daftari hilo litamweleza daktari mambo mengi kuliko maneno mia. La pili, mwombeni awapimie wastani wa sukari ya miezi mitatu, wingi wa damu, figo, tezi, na vitamini B12 kwa atumiaye metformini. La tatu, mgonjwa asiache dawa yake kwa kuambiwa na mtu kuwa mizizi yatosha. Aachaye insulini aliyoandikiwa huenda akaanza kutapika, akahema kwa nguvu, na pumzi zake zikanuka kama matunda yaliyoiva. Hiyo ni hatari ya kufa, na dakika zina thamani. La nne, sukari ikishatulia, atembee kila siku kadiri awezavyo. Ajabu ni kwamba mwili uliochoka kwa kukaa huchangamka kwa kutembea.

Na kwenu nyinyi jamaa zake twasema: msimpikie mgonjwa sufuria ya peke yake kama mtu aliyetengwa. Punguzeni sukari katika chai ya nyumba nzima, zidisheni mboga na samaki, nyote mtafaidika. Na asemapo amechoka, swali la kwanza liwe, "Umepima?" wala lisiwe, "Mbona wewe huchoka kila siku?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wengi huyaficha kwa sababu walipoyasema walichekwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira na huruma wawatunzao. Amin.