Kahawa Kali kwa Kipimo: Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kuandalia Kahawa Nyumbani

Kahawa hulimwa nchini mwetu kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Mbeya, Mbinga na Kagera, lakini sehemu kubwa ya zao hilo huuzwa nje, na nyumba nyingi zimezoea chai. Siku hizi madukani kuna vifaa vingi vya kuandalia kahawa, toka birika dogo la alumini hadi mashine za umeme zenye vitufe kadhaa, na bei zake hutofautiana sana. Ni rahisi kwa mlaji kununua mashine ya gharama kubwa kwa imani kwamba hiyo ndiyo itakayompatia kahawa kali. Katika makala haya tunaeleza kwamba ukali wa kahawa hutokana kwanza na kipimo cha kahawa na maji, kisha usagaji na muda. Kifaa hufuata baadaye. Mlaji anayelifahamu jambo hili huokoa fedha zake.

Maana tatu za neno "kali"

Mtu anaposema anapenda kahawa kali, huenda anakusudia jambo moja kati ya matatu. La kwanza ni uzito wa kinywaji, yaani wingi wa kahawa iliyoyeyuka katika maji. La pili ni uchungu, ambao huongezeka kahawa inapokaangwa hadi kuwa nyeusi mno au inapokaa na maji ya moto kwa muda mrefu kupita kiasi. La tatu ni kafeini, ambayo hutegemea zaidi aina ya kahawa na kiasi kilichotumika: robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ina kafeini ipatayo mara mbili ya ile ya arabika inayolimwa Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga.

Mambo haya matatu hayaendi pamoja siku zote. Kahawa yaweza kuwa chungu na bado ikawa nyepesi, au ikawa nzito pasipo uchungu wa kuudhi. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mlaji ajiulize ni ukali upi anaoutaka. Anayetafuta kafeini zaidi atafaidika kwa kubadili aina ya kahawa kuliko kwa kubadili mashine.

Kipimo cha kuanzia

Tunashauri kuanza na gramu 60 za kahawa iliyosagwa kwa kila lita moja ya maji. Kwa kikombe kikubwa cha mililita 250, hiyo ni gramu 15, yaani takribani vijiko vikubwa 3 vya kusawazisha. Mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kijiko, kwa sababu uzito wa kijiko hubadilika kulingana na usagaji na ukaangaji. Kwa kipimo hiki, pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe vikubwa 16 hivi. Mlaji anaweza kugawa bei ya pakiti kwa 16 akajua kila kikombe kinamgharimu kiasi gani.

Kahawa ikiwa nyepesi, ongeza gramu 2 kwa kikombe siku inayofuata. Ikiwa nzito mno, punguza gramu 2, au ongeza maji ya moto katika kikombe kilichokwisha kuandaliwa. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua ni lipi lililoleta nafuu.

Usagaji na muda

Takribani asilimia 30 ya uzito wa punje iliyokaangwa inaweza kuyeyuka katika maji, lakini ladha inayopendwa na wengi hupatikana maji yanapochukua kati ya asilimia 18 na 22 tu. Yakichukua pungufu, kahawa huwa chachu na haina mwili. Yakichukua zaidi, huwa chungu na kuacha ukakasi ulimini. Unga laini huachia ladha haraka, na chengachenga huiachia polepole. Kahawa ikiwa chachu, saga laini zaidi au ongeza muda. Ikiwa chungu, saga chengachenga zaidi au punguza muda. Kahawa nyepesi haitengenezwi kwa kuichemsha tena; kufanya hivyo huongeza uchungu na kupoteza harufu.

Joto la maji linalofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Dar es Salaam, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, yaache yatulie kidogo baada ya kuchemka. Arusha maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na Mbeya kwa takribani 94, kwa sababu ya mwinuko wa miji hiyo; huko yatumie mara tu yanapochemka.

Vifaa vinavyopatikana

Sufuria na chujio bado vinafaa. Mimina maji ya moto juu ya kahawa iliyopimwa, koroga, funika kwa dakika 4, kisha chuja. Anayeanza anaweza kujifunza ladha anayoipenda kwa njia hii kabla ya kutumia fedha yoyote.

Birika la kioo lenye chujio la kusukuma chini, ambalo wauzaji huliita frenchi presi, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Halitumii umeme, na mlaji ndiye anayeamua kipimo na muda. Linahitaji kahawa ya chengachenga na dakika 4 hivi. Udhaifu wake ni kioo: uliza kama duka linauza kioo cha akiba.

Moka ni birika la chuma lililobuniwa Italia mwaka 1933, ambalo mvuke husukuma maji kupita katika kahawa. Hutoa kahawa nzito na huweza kutumika juu ya jiko la gesi. Maji yasizidi usawa wa vali ya usalama iliyo ubavuni, na unga usishindiliwe. Angalia kama mpira wa kuzibia hupatikana, kwa kuwa huchakaa.

Mashine ya umeme ya kuchuja huwafaa wanaoandalia watu wengi. Soma kwa makini idadi ya vikombe iliyoandikwa kwenye boksi. "Kikombe" cha watengenezaji mara nyingi ni mililita 125 hadi 150, si kikombe kikubwa cha nyumbani. Mashine ya "vikombe 12" hutoa lita 1.5 hadi 1.8, yaani vikombe vikubwa 6 au 7. Ifahamike pia kwamba kitufe cha ukali katika mashine nyingi za aina hii hakiongezi kahawa. Hupunguza tu kasi ya maji ili yakae na unga kwa muda mrefu zaidi. Mtumiaji aliyeweka kahawa kidogo atapata uchungu zaidi, wala hatapata uzito anaoutarajia.

Mashine ya espreso husukuma maji kwa shinikizo kubwa. Maboksi mengi hutangaza baa 15, ilhali espreso huandaliwa kwa baa 9 hivi. Namba kubwa kwenye boksi si ushahidi wa kahawa bora. Mashine hii huhitaji unga laini sana na uliosagwa sawasawa, hivyo bei ya mashine ya kusagia iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Mashine ya kapsuli ni rahisi kutumia, lakini humfunga mlaji kwa kapsuli zinazoingia katika mashine hiyo pekee. Kama kapsuli ina gramu 5 za kahawa, zidisha bei yake kwa 200 upate bei ya kilo moja, kisha ilinganishe na bei ya kahawa ya pakiti. Hakikisha pia kwamba kapsuli zinauzwa mahali unapoishi.

Kabla ya kulipa

Kwanza, soma kibandiko cha umeme kilicho chini au nyuma ya mashine. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230; mashine ifaayo huandikwa 220–240 V. Vifaa vilivyotumika kutoka Marekani huwa vya volti 120, na vya Japani volti 100. Kuvichomeka moja kwa moja ukutani huviunguza na huweza kusababisha moto. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti.

Pili, omba mashine iwashwe dukani, ikiwezekana ipitishe maji. Angalia kama inavuja, kama waya una uimara, na kama mfuniko hufunga vizuri.

Tatu, dai risiti na hati ya dhamana yenye tarehe, jina la duka na maelezo ya nani atakayefanya matengenezo. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Iwapo maelezo ya boksi hayalingani na kilichomo, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani.

Matunzo

Osha chujio kila baada ya matumizi, kwa kuwa mafuta ya kahawa huchacha na kuharibu ladha ya kikombe kinachofuata. Katika maeneo yenye maji ya chumvichumvi, ukoko hujijenga ndani ya mashine na kupunguza joto na kasi ya maji. Pitisha siki iliyochanganywa na maji, kisha maji safi mara mbili, isipokuwa kama kijitabu cha mashine kinakataza siki. Usiache kahawa juu ya sahani ya moto kwa muda mrefu. Ihamishie kwenye chupa ya chai.

Kuhusu kafeini, Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilieleza mwaka 2015 kwamba hadi miligramu 400 kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Anayetumia robusta, au anayeongeza kipimo, azingatie idadi ya vikombe.

Kwa mlaji asiye na hakika, ushauri wetu ni huu: nunua kwanza pakiti moja ya kahawa, tumia sufuria na chujio kwa wiki mbili, na andika kipimo kinachokupendeza. Ukienda dukani ukiwa na namba hiyo, utajua unahitaji vikombe vingapi na usagaji upi, na muuzaji atalazimika kukuonyesha kifaa kinachokidhi haja yako. Huenda ukagundua pia kwamba kile ulicho nacho jikoni kinatosha.