Mwanao na Ufundi wa Kujenga kwa Mbao

Kalembe ni mlango wa nchi mbili za miti. Upande wa mashariki viko vilima vya Masisi, vyenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya mikaratusi. Upande wa magharibi, njia iendayo Pinga humwingiza msafiri katika msitu mkubwa wa Walikale. Mbao hazikosekani huko. Kinachokosekana ni mikono inayojua kuzigeuza kuwa nyumba imara. Mti hukatwa, hupasuliwa kwa msumeno wa injini, na ubao huondoka ungali mbichi, begani mwa kijana au juu ya lori. Na ile faida iliyo kubwa zaidi, yaani faida ya ufundi, huwangojea watu wa mbali.

Tena haja ya nyumba ni kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza makao yao. Nyumba nyingi zilizojengwa baadaye zilikuwa za mbao, zikasimamishwa juu ya lile jiwe jeusi lililopoa. Sababu yake yafahamika: ubao ni mwepesi, hautaki msingi mzito, na mwenye nyumba akihama aweza kuifungua nyumba yake na kuisimamisha pengine. Mwezi wa Mei 2021 mlima ulipasuka mara nyingine. Na mwezi wa Oktoba 2024 vita vilifika Kalembe yenyewe, watu wakakimbia. Watu wa namna hii warudipo kwao, haja yao ya kwanza baada ya chakula ni paa juu ya vichwa vya watoto wao. Nani atalijenga?

Wako wasemao kwamba nyumba ya ubao ni ya maskini, na kwamba ufundi wake hauhitaji shule. Hao wamekosea. Katika nchi ya Norway, mjini Brumunddal, lilikamilika mwaka 2019 jengo liitwalo Mjøstårnet, lenye orofa 18 na urefu wa mita 85, ambalo nguzo zake na mihimili yake mikuu ni ya mbao zilizounganishwa kwa gundi. Linalolitofautisha jengo hilo na kibanda kiinamacho baada ya masika mawili ni elimu ya mafundi.

Kibarua na mwanagenzi

Basi kijana ataipata wapi elimu hiyo? Njia moja njema ni kuingia katika kampuni ya ujenzi kama mwanagenzi. Lakini yafaa wazazi waelewe tofauti ya mwanagenzi na kibarua. Wote wawili huamka alfajiri, wote wawili hubeba mbao, na kwa miezi ya kwanza huenda usiwatambue mmoja na mwenziwe. Kibarua huuza nguvu zake za leo, na jioni hesabu yake imekwisha. Mwanagenzi hutoa nguvu zake apate maarifa ya kesho. Kwa hiyo kampuni imtumayo kijana kubeba mbao mwaka mzima, bila kumpa kipimo mkononi, haikumfanya mwanagenzi hata kama imemwita kwa jina hilo.

Mafunzo mema yana utaratibu. Kwanza kijana hukaa kiwanjani, ajifunze kuujua ubao. Hapo hufahamu kwamba ubao mbichi umejaa maji, nao ukikauka hupungua upana, hujipinda na kupasuka. Na mkaratusi ni mkaidi kuliko miti mingi. Hufundishwa kuzipanga mbao mbali na udongo, chini ya paa, akiweka vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu ili upepo upite. Nyumba nyingi zenye nyufa ziliharibika tangu hapo, kabla msumari wa kwanza haujapigwa.

Kisha huja vipimo. Fundi humwonyesha namna ya kupata pembe iliyo sawasawa kwa kamba tu: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali baina ya ncha hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe ya nyumba imenyoka. Baada yake hufuata kukata na kuunganisha, kusimamisha kiunzi cha ukuta, na kukitia mbao za mshazari ili upepo usikilaze. Mwisho huja paa, ambalo ndilo mtihani mkubwa. Hujifunza kuinua miguu ya nguzo juu ya mawe ili mchwa na unyevu visiifikie upesi, na kurefusha ukingo wa paa ili mvua isipige kuta. Wala asisahau usalama wake: msumeno wa injini hauna huruma kwa mtu mwenye haraka, na juu ya paa mguu mmoja ukiteleza watosha kumlemaza mtu.

Maneno yaandikwe

Katika Kongo jambo hili halikuachwa liende hivi hivi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yataja mapatano ya uanagenzi, nayo yataka yaandikwe. Bwana wa kazi hujifunga kumfundisha kijana ufundi kwa utaratibu na kwa ukamilifu. Kijana naye hujifunga kufuata maagizo na kufanya kazi apewazo kwa ajili ya mafunzo yake. Tazameni: pande zote mbili zina deni. Tena sheria haisemi kwamba bwana wa kazi lazima awe kampuni. Fundi mmoja mwenye karakana yake aweza pia kufanya mapatano hayo, na hilo ni neno la faraja kwa vijiji vilivyo mbali na makampuni. Iko pia taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ijulikanayo kwa herufi INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kusaidiwa kwa michango ya waajiri, ili kuwafundisha wafanyakazi na watafutao kazi.

Basi mzazi asimpeleke mwanawe kabla ya kuuliza maswali haya. Je, mapatano yameandikwa, nasi tutapewa nakala? Mafunzo yatadumu miezi au miaka mingapi? Kijana atapitia kazi zote, toka kiwanjani hadi paani, au atabaki mahali pamoja? Ni fundi gani atakayemwongoza? Akiumia, nani atalipa matibabu? Mwishoni atapewa cheti? Na mbao zenyewe zatoka wapi? Kwa maana sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 yaagiza ukataji wa miti ufanywe kwa kibali, na si vema kijana aanze maisha yake kwa mali ya wizi. Kampuni iliyo nyofu haichukizwi na maswali kama haya. Ikichukizwa, mmekwisha pata jibu.

Twajua mzazi mwenye njaa atasema: "Maneno haya ni mazuri, lakini mwanangu akibeba mbao leo, leo tunakula." Ni kweli, nasi hatumcheki. Posho ya mwanagenzi ni ndogo, na nyumba yote huonja ule udogo wake. Lakini mbebaji akiugua mgongo amekwisha. Umri ukisogea, malipo hayaongezeki, bali hupungua. Fundi aliyehitimu, kila mwaka upitao humwongezea thamani. Hata akilazimika kukimbia bila chombo chochote, ufundi wake huenda naye. Hakuna awezaye kumpora njiani. Katika nchi ambako kijana asiye na kazi hushawishiwa upesi kuchukua bunduki, jamaa ikijinyima kidogo kwa muda ili mtoto apate msumeno na kipimo, imefanya kazi ya amani.

Wala msidhani jambo hili ni la wavulana peke yao. Binti mwenye jicho sahihi na mkono mtulivu hupima na kuunganisha vizuri kama kaka yake.

Nawe kijana, usiwe mwepesi wa kukata tamaa ukipewa ufagio na rundo la mbao katika juma la kwanza. Tazama, uliza, andika vipimo katika daftari, tunza vyombo ulivyokabidhiwa. Wazee wetu walisema: bandu bandu huisha gogo. Anayejua leo kupanga ubao ukauke vema, mwakani atajua kuunganisha kiunzi. Na siku moja watu wa Kalembe watakapomwuliza nani awezaye kuwainulia paa, atajibu pasipo kujivuna kwamba yeye aweza.