Ibada Isiyoishia Mlangoni mwa Kanisa

Asubuhi ya Jumapili ni rahisi kumtambua Mkristo. Amevaa nguo safi, ameshika Biblia na kitabu cha nyimbo, na watoto wake wametangulia njiani wakiwa wamepakwa mafuta. Shida huanza Jumatatu. Hiyo ndiyo siku ambayo mwenye duka hudai deni lake, vifaa vya bohari huhesabiwa, na mke huuliza mshahara umekwenda wapi. Majibu yanayotolewa siku hiyo ndiyo yanayoonyesha kama ibada ya jana ilimwingia mtu moyoni au iliishia mlangoni mwa kanisa.

Jambo hili si geni. Injili ya Luka, katika sura ya tatu, inasimulia jinsi askari walivyomwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia waache kazi ya uaskari wala wahamie jangwani. Aliwaagiza wasimnyang'anye mtu mali yake, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Watoza ushuru nao aliwaagiza wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Hivyo toba ya watu hao ilitakiwa ionekane pale pale kazini, penye silaha na penye fedha. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakristo wa Rumi, aliwasihi wamtolee Mungu miili yao ikiwa hai, na kutoa huko ndiko alikokuita ibada.

Watu wa Afrika Mashariki wanao mfano wa karibu wa fundisho hilo. Ni ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda balokole, yaani waliookoka. Kutoka neno hilo Kiswahili kimepata neno mlokole.

Mazungumzo ya Namirembe

Mwezi wa Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misioni ya Gahini, karibu na ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, ambako njaa kubwa ilikuwa imewaua watu wengi. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa amehudumu katika kikosi cha waganga wa Kiafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaajiriwa na serikali katika idara ya afya. Watu hao wawili, Mwafrika na Mzungu, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika siku zile za ukoloni, kwao kukaa hivyo kama ndugu lilikuwa jambo lisilo la kawaida.

Church alirudi Gahini, lakini hospitali haikuwa na amani. Wafanyakazi waligombana, na msaidizi mkuu, Yosiya Kinuka, alikuwa amechoshwa na kazi. Alipelekwa Kampala kumwona Nsibambi, naye akamweleza habari za magomvi ya hospitali. Nsibambi alimgeuzia swali hilo: je, hali ya moyo wake yeye mwenyewe ilikuwaje? Katika safari ya kurudi nyumbani Kinuka aliamua kubadilika. Alipofika Gahini alianza na mambo yaliyokuwa chini ya mikono yake, yaani utunzaji wa wagonjwa, uaminifu, na uhusiano wake na wenzake.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu hapo hapo Gahini. Aliona kanisa limelala, akawa akiwahimiza watu waamke. Mwezi wa Januari 1936 alikwenda Kampala kulipeleka neno hilo mbele ya viongozi wa kanisa, lakini aliugua homa akafariki akiwa bado kijana. Baada ya kifo chake uamsho ulienea upesi, ukaingia Kigezi, Ankole na Buganda, kisha ukafika Kenya na Tanganyika.

Vitu vilivyorudishwa

Watu waliowashangaa walokole hawakushangaa sana nyimbo zao. Walishangaa kuona vitu vilivyoibwa vikirudi. Mtu alirudisha ng'ombe, mwingine fedha, mwingine vifaa alivyokuwa amevichukua kwa mwajiri. Walikumbuka habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Kwao kuungama bila kurudisha kulikuwa kazi isiyokwisha.

Pamoja na mali, yalirudishwa pia mapatano. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi ambaye baadaye alikuwa askofu, alisimulia kwamba baada ya kuokoka mwaka 1941 dhamiri yake ilimsumbua kwa sababu ya Mzungu mmoja aliyemchukia. Mzungu huyo aliishi mbali, maili zipatazo 50. Kivengere alipanda baiskeli yake, akaenda safari yote hiyo ili kumwomba radhi mtu ambaye hakujua hata kwamba alichukiwa. Injili ya Mathayo inafundisha kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane naye. Kivengere alilichukua fundisho hilo kama lilivyo.

Ndani ya nyumba

Mabadiliko makubwa, lakini yasiyoandikwa sana, yalikuwa jikoni na mezani. Katika sehemu nyingi za Uganda mila iliwakataza wanawake kula kuku na mayai, na mume alikula peke yake. Katika nyumba nyingi za walokole mume alianza kula pamoja na mkewe na watoto, na kuku akagawanywa kwa wote. Pombe iliyokuwa ikimaliza fedha za karo na chumvi iliachwa. Asubuhi na jioni jamaa yote ilikusanyika kwa sala fupi, na baba aliyekuwa amemkosea mkewe alitakiwa aseme hivyo kabla ya kufungua Biblia.

Desturi hiyo waliiita kutembea nuruni. Katika mikutano yao ya kila juma walielezana makosa yao wazi, kisha wakaimba Tukutendereza, wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Salamu ya Bwana asifiwe, inayosikika leo makanisani na hata barabarani katika Kenya na Tanzania, ilienezwa sana na watu hao.

Makosa hayakukosekana

Si haki kuwasifu bila kusema upande wa pili. Wako waliokuwa wepesi wa kuhukumu wengine, wakawaona wachungaji wao kuwa wafu wa kiroho. Wako waliotoboa hadharani siri zilizowahusu watu wengine, wakaleta aibu na ugomvi katika nyumba za watu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, miongoni mwao William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao juu ya dhambi za chuoni. Hata hivyo walio wengi hawakulihama kanisa lao. Walibaki ndani yake, na baadaye kanisa hilo lilipata viongozi wengi kutoka kwao.

Wakati ibada ilipodai damu

Mmoja wa viongozi hao alikuwa Janani Luwum wa Mucwini, katika nchi ya Acholi, aliyeokoka mwezi wa Januari 1948 akiwa mwalimu. Mwaka 1974 aliwekwa kuwa askofu mkuu. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, na watu walikuwa wakitoweka. Luwum alikwenda ofisi hata ofisi kuwaulizia waliokamatwa. Mwezi wa Februari 1977, baada ya nyumba yake kupekuliwa usiku na askari wenye silaha, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na udhalimu. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth Ofumbi na Erinayo Oryema. Huyo Oryema alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi ya Uganda. Serikali ya wakati ule ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya taifa nchini Uganda.

Katika kisa hicho wako askari wa namna mbili. Wako waliotumia silaha ya taifa kumwangamiza raia asiye na hatia, na yuko afisa wa zamani wa polisi aliyekufa pamoja na mchungaji wake. Kila mmoja wao aliwahi kula kiapo.

Yako pia maswali mazito zaidi. Mwaka 1994, katika nchi hiyo hiyo ya Rwanda ambako uamsho ulianzia, Watutsi waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo, kama ilivyokuwa Ntarama na Nyamata. Wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao kwa kuhatarisha maisha yao, lakini hawakutosha. Hilo linaonya kwamba uamsho wa babu haurithiwi kama shamba. Kila kizazi hutakiwa kutubu chenyewe, na wimbo unaojulikana kwa moyo hauwezi kuuzuia mkono uliozoea chuki.

Mambo madogo ya kila siku

Familia inayotaka kuipeleka ibada yake mbali zaidi ya Jumapili haina haja ya kungoja uamsho mkubwa. Yako mambo yaliyo karibu: blanketi la bohari lililobaki nyumbani tangu uhamisho uliopita, deni la dukani linaloepukwa kwa kupita njia ya nyuma, fedha kidogo iliyochukuliwa kwa dereva kizuizini bila stakabadhi, mtumishi wa nyumbani ambaye hajalipwa miezi miwili, jirani wa nyumba ya pili ambaye hasalimiwi kwa sababu ya ugomvi wa watoto.

Anayerudisha blanketi hilo Jumatatu asubuhi huenda akaonwa mjinga na wenzake. Mtunza bohari ataliandika daftarini, na kazi itaendelea. Lakini jioni, baba huyo akiwaita watoto wake kwa sala, watamsikiliza kwa namna nyingine, kwa kuwa walimwona akilikunja na kutoka nalo.